Felista na Mstari wa Chokaa

Mimi Damiano ni mlinzi wa geti, na kabla hamjalisikia jambo hili kwa wengine niseme mwenyewe: nilidanganywa na mtoto wa miaka sita kwa miezi miwili na nusu, mchana kweupe, huku nikimsaidia kazi. Hapa kwetu Mpemba, karibu na mpaka wa Tunduma, watu wakipita wananiuliza kama maagizo mapya yametoka. Nimezoea. Lakini habari yenyewe si yangu, ni ya Felista, na ninaisimulia kwa sababu wanaoisimulia mitaani wanaikosea, hasa yule muuza vocha ambaye siku yenyewe hata hakuwepo.

Felista alizaliwa Galula, baba yake mchimbaji wa dhahabu wa wale wanaoshinda shimoni wiki nzima na kurudi na matope. Wazazi walipofariki, shangazi yake akamchukua akamlelea karibu na Mbozi Mission. Akamaliza la saba, akaimba kwaya, na alipofika miaka ishirini na minne akaletwa kwenye kituo chetu cha watoto kufua kwa mwezi mmoja, kumshikia mfuaji aliyekuwa mgonjwa. Mfuaji akapona akarudi kazini. Felista hakuondoka. Mpaka korona inaingia alikuwa ametimiza miaka kumi na tisa pale, mama mlezi wa watoto thelathini na mmoja, mwenye sauti ya kumwita mtoto aliye kisimani bila yeye kutoka jikoni. Sauti hiyo ikumbukeni, itatumika.

Kuolewa alikuwa hajaolewa, na si kwa kukosa watu. Tangu kituo kianzishwe, mama mlezi hulala na watoto, kwa hiyo akiolewa anaaga. Hivyo ndivyo alivyoaga Judith, mlezi mwenzake, akahamia Mlowo kwa mumewe. Aliahidi watoto kuwa atakuja kila mwezi, akaja mara moja. Felista wachumba walimjia, akawaambia ngojeni huyu mdogo azoee, kisha ngojeni yule amalize shule, na kwa kuwa wadogo hawaishi kuletwa, wachumba wakachoka mmoja mmoja.

Halafu akaja Watson. Mtu wa miaka hamsini, mrefu, mpole, aliyefiwa na mke zamani, fundi wa kushona maturubai ya malori pale mpakani, ndugu zake nusu Tunduma nusu Nakonde upande wa Zambia. Alikuja kuziba paa la bweni la wavulana. Aliliziba siku moja, akarudi kulikagua siku kumi na moja, na wala mvua haikuwa imenyesha. Harusi ikapangwa Jumamosi ya mwisho ya Aprili, mwaka 2020.

Machi shule zikafungwa. Malori yakajipanga kutoka mpakani mpaka huku kwetu, madereva wakisubiri kupimwa, wanapika chai chini ya matrela. Mkuu wa kituo, Mama Elizabeti, ana sukari na umri umekwenda, akabaki nyumbani kwake Vwawa akituendesha kwa simu. Siku ya kwanza simu iliwekwa sauti ya juu mezani jikoni, wote tukaizunguka. Wageni marufuku. Walezi waliomo wabaki humohumo, anayetoka harudi mpaka hali itulie.

"Felista, wewe una harusi," Mama Elizabeti akasema. "Toka wiki hii, mwanangu. Nitaelewa."

Felista alikuwa anasonga ugali. Aliusonga mpaka ukaiva, akaupakua, ndipo akajibu. "Mama, Conjesta atawaweza wote peke yake?"

Conjesta, mlezi aliyebaki naye, akasema hapana kabla hajaulizwa. Basi Felista akabaki, na harusi ikabaki hewani.

Niwaambie ukweli, wengine walikumbuka mwaka ule kwa hofu, na hofu ilikuwepo, lakini kituoni kwetu kulikuwa na vurugu ya furaha ambayo sijaiona tena. Vitanda vilitenganishwa, watoto wakapotea mabwenini, kila mtu analala kwa mwenzake. Tukafunga vibuyu chirizi tisa, vile vidumu vya kunawia unavyokanyaga kijiti maji yakatoka, na kwa wiki mbili hapakuwa na kazi nyingine ila kunawa, mpaka kisima kikaanza kutoa tope. Watson akaleta turubai zima la lori tukalitandaza juu ya nguzo uwanjani likawa darasa. Wakubwa wakafundisha wadogo, wadogo wakawafundisha kuku. Akashona na barakoa pia. Za kwanza, Mungu amsamehe, alizishona kwa turubai. Ukivaa unasikia pumzi yako mwenyewe inavyorudi nyumbani. Watoto wakazitumia kubebea mchanga, naye akashona nyingine za kitambaa cha pamba bila kulalamika.

Vitu hivyo vyote alivileta mpaka getini tu. Mtu anayeshinda na madereva wa nchi sita ndiye hasa tuliyeambiwa tumwogope. Mama Elizabeti alimruhusu aje saa kumi jioni kumsalimia mchumba wake, mradi akae nje na kuwe na mita mbili. Nikatia chokaa kwenye kopo la maziwa lenye matundu, nikachora mstari mweupe hatua tatu kutoka getini, mzuri, umenyooka. Nyuma yake nikaweka ndoo iliyogeuzwa. Watson akakalia ndoo, Felista akakalia kigoda upande wa ndani, wakatazamana. Watoto thelathini na mmoja wakawatazama wote wawili.

Mkaguzi wa mgeni alijiteua mwenyewe, na hapa ndipo anapoingia Nyanzobe. Kwao ni Kamsamba, watu wa ng'ombe waliohamia bondeni. Mama yake alifariki, baba yake Maduhu akaondoka na mifugo kutafuta malisho, mpaka leo hajarudi. Aliletwa ana miaka minne na hakusema neno miezi mitatu. Felista alimfunga mgongoni, mtoto mkubwa vile miguu inaning'inia, akafua naye, akapika naye. Neno lake la kwanza alilisema mbele ya sufuria ya maharage. Alisema, "Ongeza." Tangu siku hiyo hajanyamaza.

"Umenawa?" alikuwa akimuuliza Watson kila jioni kupitia tundu la geti.

"Nimenawa, mama."

"Na vidole gumba?"

"Na vyenyewe."

"Kohoa tusikie."

Watson anakohoa. Nyanzobe anafikiri. Kisha anasema kaa, na mtu mzima wa miaka hamsini anakaa.

Sasa mvua za Aprili zilikuwa zinafuta chokaa kila siku, na mimi goti langu halitaki kuinama asubuhi. Nyanzobe ndiye aliyekuwa anaamka wa kwanza. Nikampa kopo. Kazi yake ilikuwa kupitisha chokaa pale pale ulipokuwa mstari wa jana. Nilimwambia hivyo, pale pale. Naapa nilimwambia.

Baada ya wiki moja Watson akaniita pembeni. "Mzee Damiano, mbona kama mstari umesogea?"

Nikautazama. Kweli ulikuwa mbali kuliko nilivyoukumbuka. Hapo ningesema sijui. Mlinzi mwingine angesema sijui. Lakini nilikuwa na barakoa mpya, filimbi, na koti alilonipa Bwana Afya wa kata, na nilifikiri Mama Elizabeti amempigia Felista simu wakaongeza bila kunishirikisha. Kujifanya mjuzi ni ugonjwa wangu tangu ujana. Nikasema, "Maagizo yameongezwa."

"Aa," Watson akasema, akasogeza ndoo yake.

Felista naye alipoona mchumba amesogezwa alidhani mimi nimepata agizo kwa simu, na kwa kuwa anajua nilivyo na koti lile hakutaka kunibishia. Watson alidhani ni serikali. Kila mtu alimheshimu mwenzake, na mstari ukaenda. Hatua moja ya mtoto kila asubuhi yenye mvua, na mwaka ule mvua ilinyesha. Ukavuka kichaka cha maua, ukavuka jiwe wanalokalia vijana wa bodaboda, ukafika ukingoni mwa barabara ya vumbi inayokwenda mashine ya kusaga. Asubuhi moja Nyanzobe akasimama na kopo lake ng'ambo ya barabara, akaniambia leo ni huku. Na mimi, mtu mwenye wajukuu, nikaingia katikati ya barabara nikapuliza filimbi, nikasimamisha pikipiki tatu na mkokoteni wa mahindi ili achore vizuri.

Kuanzia hapo mapenzi yao yakawa ya wote. Watson alikaa uani kwa Mzee Abrahamu, jirani yetu wa ng'ambo anayeishi peke yake na mbuzi wanne, na kati yake na Felista yalipita malori yaliyokwepa foleni.

"Felista, umekula?"

Lori linapita.

"Umesemaje?"

Watoto wamejipanga kwenye uzio wa matofali yenye matundu. "Anauliza umekula," wanasema kwa pamoja, kama kwaya ya Pasaka.

"Mwambieni nimekula."

"Amekula!"

"Mwambieni na mimi nimekula kwangu."

"Na yeye amekula kwake!"

Mei nzima mji mzima ulijua wamekula nini. Jioni moja Watson alijikaza akapaza sauti kuwa anamkumbuka Felista hata akiwa na sindano mkononi, na abiria wa kwenye pikipiki iliyokuwa inapita akajibu asante. Felista alicheka mpaka akashika uzio. Mwanamke wa miaka arobaini na mitatu, alicheka akafuta machozi na ncha ya kitenge, na mimi getini nikacheka hadi goti likaacha kuuma.

Lakini Juni ilipoanza Watson hakucheka. Alinipungia mkono nimfuate ng'ambo kwenye ndoo yake.

"Mzee, niambie ukweli wewe kama mkwe wangu," akasema. "Hawa watu hawanitaki?"

"Nani kasema?"

"Huku kwetu ukweni wakikukataa hawakutamkii. Wanasogeza kiti chako. Mimi nimesogezwa kuanzia pale," akaonyesha geti, "mpaka kwenye mbuzi. Mtu mzima ataelewa."

Nilimtazama kwenye ndoo yake, magoti yamekuja juu, mbuzi anatafuna mkoba wake wa nyuzi. Nilimwonea huruma kweli. Nikafungua mdomo nimwambie sijui huo mstari unatoka wapi, na mdomo ukatoa, "Ni maagizo tu, mkwe wangu."

Kesho yake hakuja. Wala keshokutwa. Saa kumi Felista alitoka na kigoda chake, akakaa akitazama ndoo tupu ng'ambo, kisha akarudi akasugua sufuria moja mpaka Conjesta akamnyang'anya. Sote tulijua anachofikiri. Huyu naye amechoka kama wale wengine, na safari hii si Felista aliyemwambia angoje. Ni sisi tuliomngojesha. Usiku ule watoto hawakuimba bwenini kama kawaida yao. Nilichogundua ni kimoja tu, ila sikukielewa: siku zile mbili manyunyu ya alfajiri yalifuta chokaa, na mstari haukusogea.

Siku ya tatu Watson akatokea saa kumi kamili, shati limejaa vumbi la saruji, akakaa kwenye ndoo. "Felista," akaita, "nina neno la kukuambia."

"Sema."

Akatazama uzio, macho thelathini na mawili ya upande wa kulia na mengine ya kushoto. Akamtazama muuza vocha. "Siwezi kulipigia kelele," akasema. "Umekula?"

"Nimekula," Felista akajibu kwa ile sauti yake ya kisimani, bila kungoja watoto.

Jumamosi ya mwisho ya Juni, siku mbili kabla shule hazijafunguliwa, Mama Elizabeti akaruhusu moto. Nieleze. Kwa ndugu wa Watson wa Nakonde, na kwa Wanamwanga wengi wa huku, bwana harusi hali chakula cha ukweni mpaka aonyeshwe moto. Siku hiyo upande wa bibi harusi hupika kila aina, huvibeba vyungu kwa nyimbo mpaka kwake, hupiga magoti na kuvifunua kimoja kimoja, naye huanza kula. Watson tangu Machi alikuwa hajaonja hata uji wetu. Na Felista, asiye na baba wala mama, alisema ukweni kwa Watson ni kituoni, na wapishi ni watoto wake.

Walipika kuanzia alfajiri. Kuku, maharage, kisamvu, viazi, wali wa Kamsamba, kande, samaki wa kukaushwa. Wavulana walibishania chumvi mpaka Conjesta akaificha. Nyanzobe alipewa ugali mdogo wa peke yake na akauunguza kwa upande mmoja, akasema upande huo ni wa Watson.

Gari la Mama Elizabeti likafika saa tisa. Alishuka na barakoa na fimbo, mara ya kwanza tangu Machi, watoto wakampungia kwa mbali wakiruka. Msafara ulikuwa umekwishajipanga getini, vyungu vichwani, vigelegele vimeanza. Akatazama kushoto, akatazama kulia.

"Bwana harusi yuko wapi?"

"Kule, Mama," nikasema, nikaonyesha ng'ambo ya barabara, kwa mbuzi, ambako Watson alikuwa amesimama na suti.

"Anafanya nini kule?"

"Si maagizo yenu, Mama?"

"Maagizo gani?"

"Ya kuongeza."

"Damiano, mimi nilisema mita mbili."

Vigelegele vikafa kimoja kimoja. Felista akanitazama mimi, mimi nikamtazama Felista, tukageuka wote wawili kumtazama Watson, na sijawahi kuona watu wazima watatu wakielewa ujinga wao kwa wakati mmoja hivyo. Kisha katikati ya msafara, chini ya sufuria ndogo ya ugali, sauti ikasema, "Ni mimi."

Felista akapiga magoti mbele yake. "Nyanzobe, kwa nini?"

Mtoto hakulia. Aliishika sufuria kwa mikono miwili isianguke. "Akija karibu atakuchukua. Dada Judith alichukuliwa."

Hakuna aliyecheka. Ilikuwa kweli. Ndoa ilikuwa kuaga, na wote tulikuwa tunalijua hilo tangu Machi na kulipitia pembeni. "Halafu siku zile mbili hakuja ukalia jikoni," Nyanzobe akaendelea, "nikaacha kusogeza. Lakini sikurudisha."

Watson alikuwa amesikia. Muda ule hapakuwa na lori. Alivuka barabara peke yake, akasimama pale ulipokuwa mstari wangu wa kwanza, hatua tatu kutoka getini, akavua kofia.

"Mama Elizabeti, nisamehe, neno langu nilitaka kumwambia Felista kwa sauti ya chini, ila kwa miezi hii sijapata nafasi ya sauti ya chini," akasema. "Mimi nilikuwa nimchukue Tunduma mjini, chumba changu kiko kule. Ila nimekaa kwa Mzee Abrahamu siku nyingi mpaka mbuzi wananijua. Ana vyumba viwili vya uani vilivyobomoka. Siku zile mbili nilikuwa navisakafia. Amenipa nikae." Akageuka kwa Nyanzobe, akachuchumaa, suti ikiburuza vumbini. "Kama hungenisogeza mpaka kule, mimi nisingeviona vile vyumba. Simchukui mbali. Mlango unatazamana na geti lenu."

Nyanzobe akamkagua mikono. "Umenawa?" akauliza.

Bado palikuwa na utaratibu wa kituo, nasi tukamgeukia Mama Elizabeti. Akasema kuwa miezi yote hiyo walezi wametuonyesha wanaweza kugawana kazi kwa zamu, na nyumba haikuanguka. Kwa hiyo Felista aolewe, ashike zamu ya mchana, na neno la kuaga lifutwe. Hakulisema kwa sauti kubwa. Sauti kubwa alitoa Conjesta, kigelegele kilichowafanya mbuzi wa Abrahamu wakate kamba.

Vyungu vikavuka barabara, mimi katikati na filimbi. Vikafunuliwa kimoja kimoja, na watoto wakapiga magoti mita mbili sawasawa, safari hii nilipima mwenyewe kwa kamba. Watson alionja kila kitu. Ugali wa Nyanzobe aliumaliza wote, na upande ulioungua aliula wa kwanza, polepole, huku mpishi akimwangalia mdomoni. Alipomaliza akameza, akasema, "Ongeza."

Ndoa ilifungwa Julai, watu wachache, barakoa za pamba. Usiku wa kwanza Felista kulala ng'ambo, Conjesta aliniambia, Nyanzobe hakutaka kuvua viatu kitandani.

Asubuhi nikalikuta kopo langu la chokaa halipo. Nikatoka nje. Mstari ulikuwepo, mweupe, mbichi, umepinda hapa na pale, lakini haukukatiza njia tena. Ulianzia getini kwetu, ukapita kichaka cha maua na jiwe la bodaboda, ukavuka barabara, ukaenda moja kwa moja mpaka kwenye mlango wa Felista, na Nyanzobe alikuwa amekaa kizingitini na kopo mapajani, anangoja ufunguliwe.

Sasa yuko darasa la tano, na kila mvua ikiufuta ule mstari anauchora upya kabla ya kwenda shule. Barabara namsimamishia mimi. Wageni wakiniuliza wa nini, nawaambia ni maagizo.